Somo la Vikundi: Kodi ya Umeme wa Magari na Fedha ya Barabara



Somo la safari hii limetokana na mkutano mkuu wa chama kimoja cha msingi ambako nilihudhuria kwa kazi yangu ya ukaguzi. Ajenda ilikuwa makisio ya mwaka ujao. Kamati ilileta pendekezo la kununua bajaji mbili za mizigo zinazotumia umeme, zichukue kahawa kutoka vituo vya kupokelea hadi ghala la chama, badala ya kukodi gari la dizeli kila msimu. Hesabu ilisomwa na wanachama wakaridhika, kwani gharama ya umeme ilionekana kuwa ndogo sana ikilinganishwa na ile ya mafuta. Walipokuwa karibu kupiga kura, mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma kabisa akasimama. Akasema: "Ndugu Mwenyekiti, sisi tukinunua dizeli huambiwa kuwa ndani ya bei mna fedha ya barabara. Bajaji hizi hazinywi dizeli. Je, barabara yetu italipiwa na nani?"

Baadhi ya vijana walicheka. Mwenyekiti hakucheka, alinigeukia mimi, kama kwamba mkaguzi hana budi kujua kila jambo. Nilijibu kwa kifupi, na jibu langu halikuwa zuri. Nilisema kwamba Serikali itaona. Mzee akakaa, lakini uso wake ulionyesha kwamba hakuridhika, na nilipokuwa njiani kurudi, gari letu likikwama mara mbili penye kalavati lililobomoka, nilitambua kwamba swali lake lilikuwa la maana kuliko ajenda zote za siku ile. Somo hili ni deni langu kwake.

FEDHA YA BARABARA HUTOKA WAPI

Yafaa tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunalilipia bila kuliona. Nchini Tanzania, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1985. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 1998 ukaundwa Mfuko wa Barabara, na Bodi ya kuusimamia ikaanza kazi mwaka 2000. Madhumuni ya kuwa na mfuko wa pekee ni kwamba fedha iliyotolewa na mtumiaji wa barabara isichanganywe na fedha nyingine, bali irudi barabarani. Kwa miaka mingi tangu 2013 kiwango kilikuwa shilingi 263 kwa kila lita ya petroli au dizeli. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa lita, zikielekezwa hasa kwenye barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017. Jirani zetu wa Kenya wana utaratibu wa namna hiyo hiyo tangu mwaka 1993, na Julai 2024 tozo yao ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 za Kenya kwa lita.

Mbinu hii si ya kwetu pekee. Jimbo la Oregon huko Marekani ndilo lililoianza mwaka 1919, kwa senti moja kwa galoni, na baada ya muda mfupi majimbo mengine yote yakafuata. Watunza hazina waliipenda kwa sababu nzuri. Mafuta huingia nchini kwa milango michache, kwa hiyo kodi hukusanywa kabla hayajasambaa, na hakuna haja ya kumfuata kila mwenye gari nyumbani kwake. Isitoshe, anayesafiri sana hulipa zaidi, na mwenye lori kubwa linalokunywa mafuta mengi hulipa kuliko mwenye pikipiki. Ni kama makato ya chama yanayokatwa mizani inapopima: mwenye kilo nyingi hukatwa nyingi, wala hapana ugomvi wa kudaiana baadaye.

Hata hivyo tozo hii ina kasoro ambayo sisi wa vijijini tunaifahamu kuliko watu wa mjini. Chukueni mashine ya kusaga ya chama. Tuseme inatumia lita 10 za dizeli kwa siku, siku 25 za mwezi, yaani lita 250. Kwa viwango viwili nilivyovitaja, jumla yake shilingi 363, mashine hiyo huchangia shilingi 90,750 kwa mwezi katika matengenezo ya barabara, ilhali imefungwa kwa nondo na saruji wala haijapata kutoka nje ya banda lake. Nimekwisha kuona hesabu kama hizo katika madaftari mengi, na sikumbuki chama hata kimoja kilichoandika safu ya kuonyesha kiasi hicho. Nchi ya New Zealand, yenye wakulima wengi wanaotumia dizeli mashambani, ilikataa kuwatoza kwa njia hiyo. Tangu mwaka 1978 dizeli ya huko haina kodi ya barabara ndani ya bei. Mwenye gari la dizeli hununua kibali cha kilometa, na mwenye trekta linalolima shambani halipi kwa mafuta anayoyatumia kulimia. Tukumbuke mfano huu, kwani tutaurudia.

UMEME UMEINGIAJE KATIKA JAMBO HILI

Gari la umeme halipiti kwenye pampu. Kadiri magari hayo yanavyoongezeka, ndivyo kapu la fedha ya barabara linavyopungua, na barabara haipungui urefu. Huko Norwei, katika mwaka 2024, karibu magari 9 kati ya kila 10 mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme. Ethiopia ilitangaza mwaka huo huo kuzuia magari ya petroli na dizeli kuingizwa nchini. Kwetu magari makubwa ya umeme bado ni machache, lakini pikipiki na bajaji zimekwisha kuingia, na huko Rwanda na Kenya waendesha pikipiki hubadilishana betri vituoni kama sisi tunavyobadilishana mitungi ya gesi.

Wala si umeme peke yake. Juni 2024, katika mapendekezo ya bajeti ya Tanzania, lilitajwa wazo la kutoza gesi asilia inayojazwa magarini, kwa hoja kwamba gari la gesi nalo hutumia barabara. Pendekezo lile lilizusha mjadala mkali. Wenye magari walisema kwamba wametumia fedha nyingi kubadilisha mitambo, tena kwa kuhimizwa, na sasa wanafuatwa. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na haki, na mjadala wa namna hiyo hautakosa kurudi siku umeme utakapokuwa mwingi barabarani.

Je, nchi nyingine zimefanya nini? Majimbo kadhaa ya Marekani yamechagua kutoza umeme wenyewe. Iowa, jimbo la wakulima wa mahindi na nguruwe, lilianza tarehe 1 Julai 2023 kutoza senti 2.6 kwa kila uniti ya umeme inayotiwa katika gari kwenye vituo visivyo vya nyumbani. Kentucky lilifuata Januari 2024 kwa senti 3, na Wisconsin Januari 2025 kwa kiasi hicho hicho. Tufanye hesabu ya Iowa pamoja. Gari dogo la petroli hutumia kama lita 8 kwa kilometa 100, yaani galoni 2 na kidogo. Kodi ya petroli huko ni takriban senti 30 kwa galoni, kwa hiyo mwenye gari hulipa kama senti 63. Gari la umeme la ukubwa huo hutumia kama uniti 18 kwa safari hiyo hiyo. Mara senti 2.6, ni senti 47. Hayapishani sana. Aliyepanga kiwango alijitahidi kusawazisha.

Kitakachowavutia zaidi wanaushirika ni hiki: vijijini mwa Marekani umeme mwingi husambazwa na vyama vya ushirika vya umeme, yapata 900 kwa idadi, ambavyo vingi vilizaliwa baada ya sheria ya mwaka 1936 ya kupeleka umeme mashambani. Chama cha namna hiyo kikifungua kituo cha kuchajia katika jimbo lenye kodi hii, hugeuka kuwa mkusanya kodi. Lazima kipime uniti za magari mbali na uniti nyingine, kiandike, kikate, kipeleke kwa wakati. Ndugu makatibu na wahasibu, mnaelewa uzito wa maneno hayo. Fedha ya kodi inayopita mkononi mwa chama si mapato ya chama, na nimeshuhudia mara nyingi jinsi fedha ya mwingine ikikaa siku mbili sandukuni inavyoanza kuonekana kama ya mwenye sanduku.

UMEME HAUPAKIKI RANGI

Hapa ndipo ulipo ugumu wenyewe. Uingereza na Marekani, dizeli isiyotozwa kodi ya barabara, ile ya matrekta na mashine, hutiwa rangi nyekundu. Askari akikuta wekundu ndani ya tangi la gari njiani, mwenye gari amekamatwa. Umeme hauwezi kutiwa rangi. Uniti inayowasha taa ya mtoto anayesoma, inayosaga mahindi na inayojaza betri ya bajaji ni uniti moja, katika mita moja. Iowa ilikwepa ugumu huu kwa kuacha nyumba za watu, lakini mwenye gari na nyumba huchaji kwake usiku. Kwa hiyo kodi ya kituoni humwangukia zaidi msafiri na mpangaji asiye na mahali pa kuchajia. Ili kuziba pengo hilo jimbo humtoza kila mwenye gari la umeme ada ya mwaka, dola 130, iwe ametembea sana au ameliegesha.

Wako watakaosema: basi itozwe kwenye LUKU, yaishe. Nawaomba muwe waangalifu sana na wazo hilo. Tunao mfano wa hivi karibuni. Agosti 2021 kodi ya jengo ilianza kukusanywa kwa njia ya LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukusanyaji ulikuwa rahisi, hilo hapana ubishi. Lakini mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji. Anayenunua umeme ndiye aliyekatwa, na wapangaji wengi walijikuta wakilipa kodi ya nyumba isiyo yao, wakaambiwa wapatane na wenye nyumba. Tukiitia tozo ya barabara katika uniti zote, tutakuwa tumeihamisha ile kasoro ya mashine ya kusaga kutoka kwenye dizeli kuipeleka kwenye umeme. Na vyama vingi, kwa jasho na michango, ndiyo kwanza vimetoka kuondoa injini za dizeli na kufunga mota!

Njia iliyo bora kwa hali yetu, kwa maoni yangu, ni mita ya pekee kituoni. Betri za kubadilishana hurahisisha jambo hili, kwa kuwa mwendesha pikipiki hachaji nyumbani; hurudi kituoni kila siku, na kituo kina mita yake. Mahali kama hapo panaweza kutozwa bila kumgusa mama anayepasha chai.

KILOMETA NA MITA YA GARI

New Zealand, kwa kuwa ilikuwa na vibali vya kilometa tangu zamani, haikuhitaji kuugusa umeme hata kidogo. Magari madogo ya umeme yalisamehewa kwa miaka mingi ili watu wavutiwe. Msamaha ukaisha tarehe 31 Machi 2024. Siku iliyofuata mwenye gari la umeme akaanza kulipa dola 76 za huko kwa kila kilometa 1,000. Hakuna anayeuliza umechajia wapi. Husomwa mita ya mwendo tu. Hata hivyo malalamiko yalitokea, maana gari la petroli lenye mtambo mseto, linalotumia mafuta kidogo sana, lililipa kodi ndogo kuliko la umeme. Agosti 2025 serikali yao ilitangaza nia ya kuyahamisha magari yote, hata ya petroli, kwenye malipo ya kilometa. Iceland nayo ilianza kutoza magari ya umeme kwa kilometa Januari 2024, krona 6 kwa kila moja.

Jimbo la Victoria huko Australia lilijaribu hivyo hivyo mwaka 2021, likateleza. Wenye magari walitakiwa kupeleka picha ya mita ya mwendo na kulipa senti 2.5 kwa kilometa. Waendeshaji wawili wakaenda mahakamani. Tarehe 18 Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Australia ikaamua, majaji wanne kwa watatu, kwamba kodi ya aina ile ni ya serikali ya shirikisho peke yake, wala jimbo halina mamlaka ya kuiweka. Naitaja habari hii kwa ajili ya wajumbe wetu walioko kwenye mabaraza ya halmashauri. Siku mtakapoletewa sheria ndogo ya kutoza vituo vya kuchajia, swali la kwanza liwe: mamlaka yetu yanatoka kifungu gani?

Udhaifu wa kilometa ni kwamba mita ya gari hurudishwa nyuma na mafundi. Nadhani sihitaji kueleza zaidi.

NANI ANAIHARIBU BARABARA

Mzee wetu aliuliza nani atalipa. Haki yataka tuulize kwanza nani anaharibu. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara za majaribio, na askari wakaviendeshea malori usiku na mchana, kila kipande kwa uzito wake, hadi vikachakaa. Jambo lililogunduliwa ni kwamba uharibifu haukui sawasawa na uzito, bali takriban kwa uzito wa ekseli ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli yenye uzito maradufu haiharibu mara 2; huharibu mara 2 kwa 2 kwa 2 kwa 2, yaani mara 16.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Tuichukue bajaji yenye mzigo, ekseli yake iwe na nusu tani. Tani 10 ni mara 20 ya nusu tani, na 20 ikizidishwa hivyo mara nne ni 160,000. Kwa hesabu hiyo, lori moja likipita na ekseli moja tu ya namna ile, ni kama bajaji 160,000 zimepita. Tena, lori la tani 10 likipakiwa tani 12 kwa ekseli, uharibifu hauongezeki kwa sehemu ya tano, bali huwa maradufu. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu wakati wa msimu ni magari tunayoyakodi sisi wenyewe yanayotoka ghalani usiku yakiwa yamejaa kupita kiasi, ili kuokoa safari moja.

Lakini majaribio yale yalifanywa kwenye barabara ngumu. Barabara zetu za changarawe zina adui mwingine mkubwa zaidi, nayo ni maji. Mtaro ukiziba mwezi wa Machi, hata barabara isiyopitwa na gari lolote itakatika kabla ya Juni. Gharama hiyo haina mwenyewe kati ya wenye magari. Ni ya wote wanaoitegemea njia, pamoja na mgonjwa anayebebwa kwenda zahanati. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba chombo chepesi cha umeme kisilipe chochote. Kilipe kidogo, kwa ajili ya mtaro na kalavati. Lori lilipe kwa uzito na umbali wake, liwe la dizeli au la umeme. Na kijana aliyekopa ili anunue pikipiki ya umeme apewe muda wa kumaliza mkopo kabla ya kutozwa, huo muda utajwe wazi katika sheria, usiwe ahadi ya jukwaani.

CHAMA KIFANYE NINI SASA

Kamati zinazofikiria vyombo vya umeme zisiandike makisio kana kwamba bei ya leo ya umeme itadumu miaka mitano. Wekeni fungu la tahadhari. Kwa kujifunza tu, tuseme siku moja itatozwa shilingi 100 kwa uniti. Kiwango hiki nimekibuni kwa hesabu, hakimo katika sheria yoyote. Bajaji mbili zikitumia uniti 5 kila moja kwa siku, kwa siku 25, ni uniti 250, sawa na shilingi 25,000 kwa mwezi. Je, mradi bado unalipa ukiondoa kiasi hicho? Kama haulipi, basi faida iliyosomwa mkutanoni haikuwa faida ya bajaji, ilikuwa ni kodi ambayo bado haijadaiwa. Pia fungeni mita ya pekee kwa ajili ya kuchajia tangu siku ya kwanza. Itawasaidia kujua gharama halisi ya kila kilo iliyobebwa, na kodi ikija mtakuwa na ushahidi kwamba umeme wa mashine ya kusaga si umeme wa barabarani.

Chama nilichokitaja mwanzoni kiliidhinisha bajaji moja kwa mwaka wa kwanza. Fedha ya ile ya pili iliwekwa akiba, na mkutano ukaagiza kamati ilete taarifa ya mita baada ya msimu. Aliyetoa hoja hiyo ni yule mzee.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Tafuteni katika hati za malipo za miezi mitatu iliyopita lita zote za mafuta zilizonunuliwa na chama. Ngapi zilitumika barabarani, na ngapi katika mashine zisizotembea? Kokotoeni tozo ya kila sehemu.

2. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 imepakiwa tani 13. Uharibifu umeongezeka mara ngapi? Nani katika chama chenu hutia sahihi gari linapotoka ghalani, na je, hupima?

3. Mwanachama mmoja anachaji pikipiki yake kwa umeme wa nyumbani, mwingine kituoni. Pendekezeni njia ya kuwatoza wote wawili kwa haki bila kupandisha bei ya umeme wa jirani yao asiye na chombo.

4. Mitaro na makalavati kati ya ghala lenu na barabara kuu ni mangapi, na mangapi yameziba? Hesabuni kwa kutembea, wala si kwa kukumbuka.

Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi na kupelekwa kwa Afisa Elimu wa Chama Kikuu kabla ya mkutano wa wajumbe. Majibu ya swali la nne nitayabeba mwenyewe kwenda kwa mhandisi wa barabara wa wilaya.